Sange, Kiboko na Ghala Linalozunguka

“Paukwa!”

“Pakawa!”

“Pakawa ghala. Ghala lina sahani. Sahani inazunguka. Nikisema sahani, mtaitikaje?”

“Vuuum!”

“Nikisema Korongo?”

“Kr-kr! Kr-kr!”

“Hapo sawa. Mashine ya pale dirishani imesema tusubiri. Tangu saa mbili asubuhi inasema tusubiri. Mwenye haraka akasimame mlangoni. Mwenye masikio asogee hapa. Mwanahija, weka kikapu chini, mzee wa watu apate pa kukaa.”

Zamani, wanyama wa Bonde la Mkole walikuwa na adui mmoja, mchwa. Ukiweka mtama chini, mchwa. Ukiuweka juu ya kichanja, mchwa. Ukiutundika mtini, mchwa wanapanda mti. Wakaitisha mkutano. Mkutano ulichukua siku nne, na siku ya nne, wengi wakiwa wamelala, mmoja alisema jambo la maana: mchwa hapandi kitu kisichotulia.

Basi wakajenga ghala lisilotulia.

Walipasua mbao za mvule, wakaunda sahani. Vuuum! Sahani ilikuwa pana kama uwanja wa mpira. Chini yake wakafunga gurudumu, gurudumu likakaa mtoni, mto ukalisukuma, sahani ikazunguka bila kupumzika. Juu yake walichonga mifereji ya duara, mmoja ndani ya mwingine, wakaiita pete. Pete ya kwanza ilikuwa ukingoni. Pete ya ishirini ilikuwa kitovuni. Vibuyu vya mavuno vikapangwa ndani ya pete, kila kibuyu na alama ya mwenyewe.

Siku ya kwanza Ngiri aliikanyaga sahani kwenda kuchukua kibuyu chake. Faaa! Aliokotwa ng'ambo ya mto, kichwa kikiwa ndani ya matope. Sheria ya kwanza ilichongwa kwenye nguzo siku hiyohiyo: Hakuna kukanyaga sahani inayozunguka.

Ndipo akaajiriwa Korongo. Kr-kr! Juu ya sahani waliweka boriti, kutoka ukingoni hadi kitovuni, na Korongo akatembea juu yake. Unataka kibuyu cha pete ya saba? Korongo anatembea mpaka anafika juu ya pete ya saba. Anasimama. Anasubiri sahani ikilete kibuyu chako chini ya mdomo wake. Kikifika, chup! Anakidaka, anakitundika kwenye kamba, na kamba inakiteremsha, shwaaa, hadi mezani kwa Kobe.

Kobe alikuwa karani. Ulimpelekea kijiti chenye alama yako na namba ya pete. Kobe alikipokea, akakiweka mezani, akasema, “Subiri.” Kisha alimwita Korongo, kijiti kimoja kimoja. Kobe hakuwahi kukosea. Hakuwahi kuharakisha pia.

Mwanzoni, aliyetangulia ndiye aliyehudumiwa. Hiyo ni haki, nani atabisha? Lakini sikilizeni miguu ya Korongo. Wa kwanza anataka pete ya kwanza. Wa pili anataka pete ya ishirini. Wa tatu anataka pete ya pili. Wa nne anataka pete ya kumi na tisa. Korongo kwenda, kr-kr-kr-kr. Korongo kurudi, kr-kr-kr-kr. Jua linatua, vibuyu sita vimetoka, na magoti ya Korongo yamevimba.

“Bwana Kobe,” alisema Korongo, “mimi ni ndege. Leo nimetembea kuliko punda.”

“Andika malalamiko.”

“Sijui kuandika.”

“Basi subiri.”

Kiboko aliyasikia hayo akiwa mtoni. Kiboko alikuwa amevuna kuliko wote. Vibuyu vyake vya pumba vilikuwa elfu moja, na vyote vilikaa pete ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kwa sababu siku ya kupanga vibuyu alifika wa kwanza na hakuna aliyemwambia asogee.

“Mwoneeni ndege huruma,” alisema Kiboko. “Kila akimaliza kazi moja, mpeni kijiti cha pete iliyo karibu na miguu yake. Cha karibu kwanza. Hatembei sana, na vibuyu vinatoka vingi.”

Wanyama wakatazamana. Kiboko akanyoosha mguu mmoja, akauweka mbele ya gurudumu. Sahani ikapungua mwendo. Vuum. Vuu. Vu.

“Simlazimishi mtu,” alisema. “Nasema tu kwamba siku nikilala hapa, hamli.”

Sheria ya pili ikachongwa: Cha karibu kwanza. Kiboko aliomba waongeze maneno machache chini yake: isibadilishwe ila kwa kauli ya wote. Yakaongezwa.

Wiki ya kwanza kila mtu alifurahi. Vibuyu sitini vilitoka kwa siku. Korongo akaanza kupiga mluzi. Kisha kiangazi kikakaza, na Kiboko akaja na vijiti vyake.

Alileta kijiti cha pete ya tatu. Kabla kibuyu hakijashuka, akaleta kijiti cha pete ya pili. Kabla hicho hakijashuka, akaleta cha pete ya nne. Korongo hatua moja kwenda, kr. Korongo hatua moja kurudi, kr. Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Siku ya tisa hivyo. Vibuyu sitini bado vilitoka kila siku, na Kobe alipoulizwa alijibu kwamba kazi inakwenda vizuri. Alisema kweli. Hamsini na tisa kati ya hivyo vilikuwa vya Kiboko.

Sasa, kulikuwa na mnyama anaitwa Sange. Sange ni mdogo kama ngumi, pua ndefu, miguu haitulii. Kibuyu chake kilikuwa pete ya kumi na nane, na ndani yake mlikuwa na mbegu za mtama. Hakuwa na mbegu nyingine popote. Alikuwa na watoto watatu.

Na udongo wa Mkole ni udongo mweusi. Mbegu huingia ardhini udongo ukiwa mkavu, kabla ya mvua ya kwanza. Mvua ikitangulia, udongo unanata, jembe linakwama, na mwaka umekwenda. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika juu ya milima.

Sange alikwenda kwa Kobe.

“Shikamoo, Bwana Kobe.”

“Marahaba, Bi Sange.”

“Kijiti changu?”

“Kipo.”

“Zamu yangu?”

“Cha karibu kwanza. Subiri.”

Kando ya meza alikaa Konokono. Kijiti chake kilikuwa cha pete ya kumi, na alikileta kabla ya Sange, kabla ya Kindi, kabla ya wote waliokuwa hapo.

“Mama, unajisumbua bure,” alisema Konokono. “Subira huvuta heri.”

“Umesubiri siku ngapi?”

“Sihesabu. Anayehesabu si mvumilivu.”

Siku ya pili mawingu yalishuka hadi mabegani mwa milima. Sange alikwenda kwa Kobe.

“Kijiti changu?”

“Kipo.”

“Zamu yangu?”

“Cha karibu kwanza. Subiri.”

“Subira huvuta heri,” alisema Konokono.

Siku ya tatu radi ilipiga mbali. Watoto wa Sange walikuwa wamemaliza kuchimba.

“Mama, mashimo tayari. Mia na kumi.”

“Vizuri.”

“Upepo unayafukia. Tumeyachimba mara mbili.”

“Chimbeni mara ya tatu.”

Akarudi ghalani, lakini safari hii hakumwendea Kobe. Aliketi kwenye nyasi, akatazama. Hakumtazama Kiboko. Alitazama miguu ya Korongo. Hatua moja kwenda, kr. Hatua moja kurudi, kr. Akatazama mpaka jua likapita utosini.

“Kumbe,” alisema. “Sheria haimpendi Kiboko. Sheria inampenda aliye karibu na miguu ile.”

Akainuka, akashuka mtoni.

Sasa nishikieni hapo, niwaeleze habari ya asali. Pete ya ishirini, kitovuni kabisa, palikuwa na kibuyu kimoja cha asali. Kilikuwa cha wote. Kila mnyama alichangia tone lake siku ghala lilipozinduliwa, na makubaliano yalikuwa kwamba kitafunguliwa siku ya mvua ya kwanza, kila mmoja achovye kidole kimoja, alambe, aende zake nyumbani. Haya, Sange huyo, mtoni.

“Shikamoo, Mzee.”

Kiboko alitafuna, akatazama kulia, akatazama kushoto. “Nani anaongea?”

“Chini, Mzee. Huku chini.”

“Aa. Kitu chenye pua. Marahaba. Umekuja kunililia?”

“Hapana, Mzee. Nimekuja kukupa pole.”

“Pole ya nini?”

“Basi, Mzee. Huenda si neno langu kulisema.” Akageuka aondoke.

“Rudi hapa! Pole ya nini?”

“Ya asali, Mzee.”

“Asali imefanya nini?”

“Haijafanya kitu. Ila mawingu haya ni ya kesho au keshokutwa. Mvua ikinyesha, kibuyu kinafunguliwa, kila mmoja anachovya kidole. Nikakaa nikawaza. Nyani ana kidole kirefu, huyo atapata. Kidole cha Tembo ni mkonga.”

Kiboko aliacha kutafuna. “Atachovya mkonga mzima?”

“Sijui, Mzee. Mimi changu ni hiki, kinaingia. Cha Mzee…” Sange aliutazama mguu wa Kiboko. Aliutazama kwa muda mrefu. “Mdomo wa kibuyu ni mwembamba, Mzee. Mguu huu hauingii. Ndiyo maana nikasema pole.”

Kiboko aliutazama mguu wake. Kisha akatoka majini, na bonde lote lilisikia alipotoka.

Alifika mezani kwa Kobe akichuruzika maji.

“Pete ya ishirini. Asali. Sasa hivi.”

“Asali ni ya wote, Mzee.”

“Na mimi ni mmoja wa wote. Nimewahi.”

Kobe alitafuta sheria inayomkataza mtu kuwahi, hakuiona. “Lakini Korongo yuko pete ya tatu,” alisema. “Cha karibu kwanza. Mbele ya asali kuna vijiti arobaini na saba vya pete za ukingoni.”

“Vya nani?”

“Vyako, Mzee.”

“Nipe.”

Kobe akamrudishia vijiti vyake vyote. Akatazama meza. “Sasa kilicho karibu zaidi ni cha pete ya kumi. Konokono.”

Konokono akatoa pembe zake zote mbili. “Si nilisema?” alisema. “Si nilisema?”

Kiboko akaweka mguu mezani. Krak.

“Kijiti kimevunjika,” alisema Kiboko.

Kobe alikichunguza. “Kweli kimevunjika. Kijiti kilichovunjika hakihesabiki. Konokono, kakate kingine.”

“Hakuna neno,” alisema Konokono. “Subira huvuta heri.” Akaanza safari ya kwenda kwenye miti. Miti ilikuwa hatua ishirini. Hatua zangu mimi, si zake.

Vijiti vilivyobaki mezani vilikuwa bado chini ya mguu wa Kiboko, na Kobe huhesabu kijiti anachokiona. “Pete ya ishirini!” Kobe akaita. “Asali!”

Korongo akainua kichwa. Hakuwa amekwenda kitovuni tangu kiangazi kianze. Kr-kr-kr-kr! Akapita pete ya tano. Kr-kr-kr-kr! Akapita pete ya kumi. Kr-kr-kr-kr! Akasimama juu ya pete ya ishirini, akasubiri, chup! Kamba, shwaaa. Kiboko akakivunja kibuyu kwa meno, akameza asali na vipande vya kibuyu pamoja. Glu. Ikaisha.

“Ilikuwa kidogo,” alisema. Akauondoa mguu, akarudisha mezani vijiti vyake arobaini na saba. “Sasa pumba yangu.”

“Subiri,” alisema Kobe.

“Nini?”

“Korongo yuko pete ya ishirini, Mzee. Cha karibu kwanza. Pete ya kumi na tisa! Kindi!”

Mnajua furaha ya mtu aliyekata tamaa? Kindi alipiga kelele. Panya alipiga kelele. Pimbi alipiga kelele. Wote walikuwa na vibuyu pete ya kumi na tisa. Korongo kasimama palepale, chup, shwaaa. Mguu hainui, chup, shwaaa. Sange alisimama mezani, pua juu, akihesabu. Bado Kindi mmoja. Bado Panya mmoja. Kisha yeye.

Lakini Kindi alipopokea kibuyu chake cha kwanza, alitoa mgongoni kijiti cha pili. Pete ya kumi na tisa. Kisha cha tatu. Panya naye akamwona, akakimbia kukata vyake.

“Dada Kindi,” alisema Sange, “tuachie na sisi tupate.”

“Sheria, dada. Cha karibu kwanza.”

“Mimi ndiye niliyemleta Korongo huku!”

“Na tunashukuru sana,” alisema Kindi. “Bwana Kobe, kingine hiki.”

Radi ikapiga, karibu zaidi.

Wakati huo Kiboko alikuwa anazunguka meza, na tumbo lake linasikika. Asali bila pumba huamsha njaa.

“Kobe, pumba yangu?”

“Vijiti vyako vipo. Arobaini na saba.”

“Zamu yangu?”

“Cha karibu kwanza. Subiri.”

“Mwambie arudi ukingoni!”

“Nguzo inakataa, Mzee.”

“Nguzo niliichongesha mimi!”

“Ndiyo, Mzee. Na ukaomba isibadilishwe ila kwa kauli ya wote.” Kobe akawageukia wanyama. “Wote mnasemaje?”

“Hatujaamua,” alisema Kindi, mdomo umejaa karanga.

Kiboko akanguruma. Akashuka mtoni. Safari hii hakunyoosha mguu. Alilala mbele ya gurudumu, mwili mzima, ubavu ukingo huu, mgongo ukingo ule, na maji yakaanza kujaa nyuma yake.

Na hapohapo, kwa bahati au kwa mkosi, vijiti vya Kindi vilikuwa vimekwisha na Panya alikuwa bado anakata vijiti. Kobe akaita, “Pete ya kumi na nane! Sange!” Korongo akainua mguu. Kr-kr. Akasimama juu ya pete ya kumi na nane. Kibuyu cha Sange kilikuwa upande wa pili wa sahani. Kikaanza kuja. Vuuum. Kikafika robo ya njia. Vuum. Vuu. Kikafika nusu ya njia. Vu.

Kikasimama.

Sahani yote ilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Wanyama walinyamaza, kwa sababu hawakuwahi kusikia bonde likiwa kimya.

“Mtanikumbuka!” Kiboko alisema kutoka mtoni. “Sili, hamli!”

Tone la kwanza la mvua lilimwangukia Sange puani.

“Bwana Kobe,” alisema Sange, “sheria ya kwanza inasemaje?”

“Hakuna kukanyaga sahani inayozunguka.”

“Inazunguka?”

Kobe alikuwa karani mwangalifu. Alitazama sahani upande huu. Alitazama upande ule. Akainama, akatazama kwa chini.

“Haizung…”

Sange hakuwepo tena. Titititititi! Pete ya kwanza, titititi, pete ya tano, titititi, pete ya kumi. Wanyama wakamtazama, wakatazamana, kisha wote wakaingia. Panya akaingia, Pimbi akaingia, Digidigi akaingia. Hata Ngiri aliingia, lakini kwanza aliijaribu kwa kwato moja. Kila mmoja alikwenda pete yake, akachukua kilicho chake. Mmoja au wawili walipotea pete wakachukua pumba. Majina yao sikuyapata.

Kiboko aliinua kichwa. “Mnafanya nini huko juu?”

“Tunasubiri zamu, Mzee!” alijibu Kindi, vibuyu viwili kifuani.

Hapo Kiboko akaanza kufikiri, na kufikiri hakukuwa kazi yake. Akiinuka, sahani itazunguka, na Korongo yuko mbali. Akilala, sahani itatulia, na kila mtu anachukua. Akainua bega. Sahani ikalia, kwii. Akashusha bega. Akamwona mtu amebeba pumba. Akainua bega tena.

Na Sange alikuwa wapi? Sange alikuwa pete ya kumi na nane, anasukuma kibuyu. Kibuyu kilikuwa kikubwa kuliko yeye mara tatu. Alikitoa kwenye mfereji, kikarudi. Alikitoa tena, kikarudi tena. Akakiegemeza kwa mgongo, akasukuma kwa miguu ya nyuma, kikabingirika kufuata mfereji, pole pole, kuelekea alipo Korongo.

“Pumba yanguuu!” Kiboko akasimama.

Kumbukeni maji yaliyojaa nyuma yake. Yote yalikuja kwa pamoja. Gurudumu likalia, sahani ikaruka. Vuuuuuum! Faaa, Pimbi. Faaa, Digidigi. Faaa, Ngiri, mahali palepale pa siku ya kwanza. Wa ukingoni wote walitupwa. Karibu na kitovu mwendo ni mdogo kidogo, na Sange alishika shingo ya kibuyu kwa miguu minne na pua.

“Korongo!”

“Nakuona!”

“Pete ya kumi na nane!”

“Najua, mama, nina kijiti!”

Kibuyu kikapita chini ya boriti. Mdomo ukashuka, tup, ukakosa. Sange akaenda mzunguko mzima macho yamefumbwa. Kibuyu kikaja tena. Mdomo ukashuka.

Chup!

Kamba, shwaaa, na Sange bado amening'inia. Wakatua mezani.

“Kibuyu kimoja,” alisema Kobe. “Pete ya kumi na nane. Umepokea?”

Sange alikuwa ameshakifungua na kujaza mashavu mbegu. Alikimbia shambani, akarudi, akajaza, akakimbia. Watoto walifukia nyuma yake. Mvua ilishuka kwelikweli walipofika shimo la mia na nne. Mashimo sita yalibaki matupu, na mwaka ule nyumba ya Sange ilikula mtama wa mashimo mia na nne. Ulitosha.

Jioni ya mvua ile wanyama walikutana kulamba asali, wakaambiwa haipo. Walimtazama Kiboko.

“Masikini,” alisema Sange. “Sijui nani alimshauri.”

Kiboko alikuwa na njaa, kwa hiyo mkutano ulikuwa mfupi. Kwa kauli ya wote, sheria ya pili ikafutwa, ikachongwa ya tatu. Kobe anakusanya vijiti vyote, anavipanga kwa namba za pete. Korongo anaanzia ukingoni, anatembea hadi kitovuni, akimhudumia kila aliye njiani. Hageuki katikati. Akifika mwisho ndipo anageuka, anarudi akihudumia. Kijiti kinachokuja kwa pete aliyoipita, kinamngoja arudi. Awe Kiboko, awe Kindi.

Vibuyu vikashuka kutoka sitini hadi hamsini kwa siku. Kobe alisikitika kidogo. Wengine wote walikula.

Ndiyo maana hata leo, mkisikia mashine ya ofisini inasema kr-kr-kr tumboni mwake, na karani anawaambia subirini, msimkasirikie karani. Korongo yuko kwenye boriti. Swali ni anaelekea upande gani.

“Na Konokono je?” aliuliza Mwanahija.

Ahsante, dada. Nilikuwa nakuja huko.

Konokono alirudi wiki mbili baada ya mvua, na kijiti kipya. Alikuwa amechagua mti mzuri.

“Pete ya kumi,” alisema.

“Korongo ameipita sasa hivi,” alisema Kobe. “Anakwenda kitovuni. Akirudi.”

“Hakuna neno. Subira huvuta heri.”

Korongo akaenda hadi kitovuni, akageuka, akarudi. Pete ya kumi na mbili. Pete ya kumi na moja. Pete ya kumi. Chup! Shwaaa. Kibuyu cha Konokono kikatua mezani, cha kwanza alichokipata tangu kiangazi kianze. Wanyama wakapiga makofi.

“Mmeona?” alisema Konokono. “Wengine walikimbia, wakarushwa matopeni. Mimi nilitulia, na changu kimekuja.”

Akakifungua.

Zilikuwa mbegu.

Basi, funzo la hadithi hii, ndugu zangu, liko wazi. Kaa kwenye benchi. Usiulize zamu yako. Usitazame miguu ya mtu. Heri itakuja yenyewe.

Hadithi yangu imefika kitovuni, inageuka. Aliye karibu aidake.

“Aliye mbali?”

“Asubiri!”

“Vuuum! Mwanahija, unakwenda wapi?”

“Dirishani. Karani amekaa, na hakuna aliyesimama mbele yake.”

“Chukua na karatasi yangu. Hii hapa. Kimbia.”